Mzazi asisubirishwe kitanzi bila sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo nililolifanyia kazi miaka mingi nikiwa muuguzi mkunga katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini mkoani Dodoma, na ambalo sasa, nikiwa mstaafu, limenifuata hadi nyumbani kwangu. Jambo lenyewe ni wakati unaofaa wa kumwekea mama kitanzi, au lupu kama wengi tunavyoiita, yaani kile kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, baada ya kujifungua.

Mke wa mwanangu alijifungua mtoto wake wa tatu mwishoni mwa Desemba, salama kabisa, katika kituo ambacho sitakitaja. Siku ya nne alirudi pale kuomba kitanzi, akaambiwa asubiri. Wiki ya sita alipompeleka mtoto kwenye chanjo aliomba tena, akaambiwa asubiri, safari hii mpaka azione siku zake. Nyumbani walikasirishwa na majibu yote mawili. Mimi lilinikasirisha moja tu, kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa sahihi na la pili halikuwa na msingi, ijapokuwa yote mawili yalitolewa kwa neno lilelile.

Mara tu kondo la nyuma linapotoka, mji wa mimba huwa bado mkubwa, umefika karibu na kitovu, na mlango wake uko wazi. Mkunga aliyefunzwa kazi hii anaweza wakati huo kukipandisha kitanzi hadi sehemu ya juu kabisa ya mji wa mimba, kwa koleo refu au kwa mkono, na mama aliyetoka kupitia uchungu wa uzazi mara nyingi hahisi nyongeza kubwa ya maumivu. Wakati mzuri kuliko wote ni ndani ya dakika 10 za mwanzo. Zikipita, bado inawezekana hadi saa 48. Anayejifungua kwa upasuaji huwekewa kupitia palepale palipopasuliwa, kabla daktari hajashona.

Baada ya saa 48 mambo hubadilika. Mji wa mimba unasinyaa siku hadi siku, kuta zake bado ni laini na mlango wake unajifunga, kwa hiyo kitanzi kikiwekwa katika kipindi hicho ni rahisi zaidi kusukumwa nje, na ipo pia hofu ya kutoboa ukuta. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limekiweka kipindi cha kati ya saa 48 na wiki nne katika kundi la tatu, yaani kwa kawaida haishauriwi kuweka kitanzi wakati huo, isipokuwa pale ambapo njia nyingine hazipatikani au hazikubaliki kwa mama mwenyewe. Wiki nne zikitimia, kitanzi cha shaba hurudi kundi la kwanza, ambalo halina kizuizi. Muuguzi aliyemrudisha mkwe wangu siku ya nne alifanya kazi yake. Kosa lake lilikuwa dogo: hakumwambia arudi lini.

Sasa nije kwenye hilo la kusubiri hedhi. Nakiri kwamba nami nilifundishwa hivyo, na kwa miaka mingi niliwarudisha wanawake kwa maneno hayohayo. Tulielezwa kwamba mwanamke aliye katika siku zake tunakuwa na uhakika kuwa si mjamzito, na kwamba mlango wa kizazi unakuwa umelegea kidogo. Lakini uhakika huo unapatikana kwa njia nyingine isiyohitaji hata kipimo: ni maswali sita mafupi anayoulizwa mama, na akijibu ndiyo walau kwa moja, na hana dalili za ujauzito, mtoa huduma anaendelea na kazi. Mojawapo ya maswali hayo linamhusu moja kwa moja mama aliyejifungua: je, mtoto wako hajafikisha miezi sita, anapata maziwa yako pekee au karibu pekee, na hujaona hedhi tangu ujifungue? Mkwe wangu angejibu ndiyo kabla swali halijaisha.

Kumwambia mama wa namna hiyo asubiri hedhi ni kumwambia asubiri mpaka kinga aliyo nayo iishe. Kunyonyesha huzuia mimba iwapo masharti matatu yanatimia kwa pamoja, yaani mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga haitegemeki tena, na sote tulioishi vijijini tunajua jinsi uji wa uwele unavyomfikia mtoto mapema, hasa mama anapokwenda palizi na kumwacha kwa bibi. Tena yai hutangulia damu. Mwanamke anaweza kushika mimba kabla hajaiona hedhi hata moja tangu ajifungue, na nimewapokea kliniki wanawake wengi waliodhani wamechelewa tu kuziona siku zao kwa ajili ya kunyonyesha, kumbe tumbo lina miezi minne.

Mwanamke wa aina hiyo, Mhariri, huku kwetu haachwi salama. Ataambiwa amembemenda mtoto, na kila homa na kila kuharisha kwa yule mdogo kutawekwa juu yake, wakati huohuo mumewe haulizwi chochote. Bibi zetu waliosisitiza watoto wapishane miaka miwili hawakukosea hesabu: Shirika la Afya Duniani nalo linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Tofauti ni kwamba bibi zetu walitegemea kutengana kwa wanandoa, jambo ambalo sasa wachache wanalimudu.

Kuna pia suala la njia. Mtu anayeishi karibu na hospitali jijini akiambiwa arudi, atarudi. Kwa mkwe wangu ni mwendo mrefu kwa miguu, na mwezi wa Februari korongo lililo katikati likijaa maji hakuna bodaboda inayovuka. Kila "njoo siku nyingine" kwake ni siku nzima ya shamba iliyopotea katika msimu ambao mvua zenyewe ni za kubahatisha.

Kwa sababu hiyo nafasi inayoniuma kuliko zote ni ile ya kwanza, aliyoikosa akiwa wodini. Alihudhuria kliniki ya wajawazito mara tano. Alipimwa damu, alipewa vidonge vya madini ya chuma, aliambiwa aandae kanga na beseni, lakini katika mahudhurio yote matano hakuna aliyemuuliza angependa kutumia njia gani ya uzazi wa mpango baada ya kujifungua. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 81 katika kila 100 nchini huzaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Maana yake wazazi walio wengi tunakuwa nao mikononi mwetu katika zile saa za mwanzo. Na kwa kuwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida huruhusiwa baada ya siku moja, au mapema zaidi vitanda vikijaa, zile saa 48 za kwenye mwongozo kwa hali halisi ya wodi zetu ni saa 24.

Swali hilo haliwezi kungoja chumba cha kujifungulia. Mwanamke aliyebanwa na uchungu atakubali lolote ili umwache apumue, na ridhaa ya namna hiyo mimi siihesabu kuwa ridhaa. Aulizwe mapema, aonyeshwe kitanzi chenyewe akishike mkononi, apewe nafasi ya kuzungumza na mwenzake, kisha uamuzi wake uandikwe kwenye kadi ya kliniki ili mkunga wa zamu auone hata akifika saa nane usiku. Akibadili mawazo, kalamu ipo. Kuna wanaolalamika mitaani kwamba wamewekewa bila kuambiwa, na njia pekee ya kuwajibu ni kuwa na uamuzi wa mama mwenyewe uliotangulia.

Aambiwe na yasiyopendeza. Kitanzi kinachowekwa mara baada ya kondo kutoka hutoka chenyewe mara nyingi zaidi kuliko kinachowekwa wiki ya sita: takriban kwa wanawake 10 kati ya 100, wakati kile cha baadaye hutoka kwa wawili hivi. Wapo wenzangu wanaoitumia hesabu hiyo kuwaambia wote wasubiri. Ningekubaliana nao kama wote wangerudi. Hawarudi wote, na aliyetokwa na kitanzi akielezwa dalili na kukaguliwa wiki ya sita, nyuzi za kitanzi zinapokuwa zimeshuka na kuhitaji kupunguzwa, anaweza kuwekewa kingine. Hakiwekwi wodini kwa mama mwenye homa au dalili za maambukizi, ambaye chupa yake ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua, au ambaye damu haijadhibitiwa. Huyo atapewa njia nyingine kwanza. Na kitanzi hakizuii virusi vya Ukimwi wala kisonono. Kile cha shaba hakina homoni, hakipunguzi maziwa, hukaa miaka 10, na siku mwanamke atakapotaka mtoto huondolewa na uwezo wake wa kushika mimba haucheleweshwi.

Mkwe wangu aliwekewa wiki ya kumi katika kituo kingine, siku ya chanjo ya pili ya mtoto, baada ya kuulizwa maswali yasiyozidi dakika mbili. Hedhi ilikuwa bado haijarudi. Ninawaomba waganga wakuu wa wilaya za mkoa wetu wapitie zahanati na kuuliza swali moja tu: ni wanawake wangapi mwezi uliopita walirudishwa hadi waone siku zao? Na mama aliyejifungua usiku wa kuamkia leo, kama anakitaka kitanzi, amuulize mkunga kabla hajatoka wodini. Kama ametoka, ahesabu wiki nne, na siku ya chanjo ya wiki ya sita aulizie chumba cha uzazi wa mpango. Huduma hiyo katika vituo vya serikali hailipiwi.

Mkunga mstaafu,
Chamwino, Dodoma.