Anza na damu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kumbe muhula ujao umepangiwa biolojia ya binadamu kwa wanafunzi wa sheria, fasihi na uchumi, na unaniuliza upunguze nini kwenye muhtasari. Kabla hujapunguza chochote, nikusimulie yaliyonikuta.

Mwaka wa kwanza niliifundisha kozi hiyo kama ninavyowafundisha wanasayansi, ila kwa mwendo wa polepole. Mifupa 206, sehemu za seli, vyumba vinne vya moyo, kila wiki mfumo mmoja. Walikariri vizuri. Baada ya mtihani, binti mmoja wa sheria aliyepata alama za juu alinisimamisha mlangoni akauliza: damu ikishafika vidoleni, inaishia huko? Moyo alikuwa ameuchora bila kosa hata moja. Swali lile liliniuma, kwa sababu aliyekosea ni mimi.

Tangu siku hiyo kozi naifungua kwa kesi. Nawaeleza kwamba kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu waliomfuata Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, waliamini damu hutengenezwa kwenye ini kutokana na chakula, kisha viungo huinywa ikaisha, kama shamba linavyonywa maji ya mfereji. Siwaambii kwamba si kweli. Nawaomba washike kifundo cha mkono, wahesabu mapigo yao kwa nusu dakika, wazidishe mara mbili. Wengi huangukia karibu na 70. Kila pigo, moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban mililita 70 za damu. Basi ni kama lita 5 kwa dakika, lita 300 kwa saa. Halafu nauliza: ni chakula gani hicho kinacholiwezesha ini kutengeneza lita 300 za damu kila saa?

Hapo ukumbi hunyamaza, kisha wa sheria na wa uchumi huanza kubishana. Usiwakatize, hata muda ukikubana. Nikiwatajia kwamba mwili mzima una kama lita 5 tu, wao wenyewe hutamka kuwa damu ni ile ile, inakwenda na kurudi. Ndipo namtaja William Harvey, daktari Mwingereza, na kitabu chake cha mwaka 1628 kuhusu mzunguko wa damu. Yeye alichagua kwa makusudi makadirio ya chini ya damu inayotoka kwa kila pigo, na hata kwa hesabu hiyo ya kubana, damu inayopita moyoni kwa nusu saa ilizidi damu yote iliyomo mwilini. Mwanafunzi wa sheria anaijua mbinu hiyo: mpe mpinzani wako kila nafuu, na bado ashindwe.

Pengo lake pia usilifiche. Harvey hakuona damu inavyovuka kutoka ateri, mishipa inayoitoa moyoni, kwenda vena, mishipa inayoirudisha. Alijua tu kwamba njia lazima ipo. Alifariki 1657. Mwaka 1661 Marcello Malpighi, tabibu wa Italia, akitazama mapafu ya chura kwa hadubini, akaziona kapilari, vile vishipa vyembamba mno vinavyounganisha ateri na vena. Kijana mmoja wa fasihi, ambaye wiki nzima alikaa nyuma akiwa kimya, alikuja kuniuliza kama Harvey aliwahi kujua. Nilipomjibu kwamba hakujua, alisikitika kwelikweli. Huyo sikuwa na shaka tena kwamba ataelewa figo, homoni na vingine vyote.

Kwa hiyo, kuhusu swali lako: majina ya mifupa yaache yapungue, na kemia ya seli ipunguze pia. Moyo, damu, figo na kinga vipe nafasi. Urithi nao usiuguse juu juu, maana hapo ndipo wanapokuja na mawazo mengi potofu waliyookota huku na kule.

Jambo moja la kuwa mwangalifu. Kuhesabu mapigo kusiwe lazima, na namba zisisomwe mbele ya wote. Kuna anayeficha ugonjwa. Tena watakufuata baada ya kipindi wakuulize kuhusu mzazi aliyelazwa. Wasikilize, waeleze kiungo kinavyofanya kazi, lakini matibabu mwachie daktari wao. Mimi huwa nabaki ukumbini nusu saa zaidi kwa ajili yao.

Nitumie mpango wa wiki zako tatu za kwanza, nami nikutumie maswali yangu ya mtihani. Siku hizi hayana mchoro hata mmoja wa kujaza majina.

Wako daima,
Rafiki yako