Gauni Jipya na Nauli ya Basi: Risala ya Wanafunzi wa Ukunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, masista na wakunga mliotutangulia katika kazi hii, wazazi wetu, na wanafunzi wenzetu. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Sisi wanafunzi wa ukunga tunakukaribisha Mombasa kwa mikono miwili. Leo ni tarehe 23 Mei, siku ambayo Umoja wa Mataifa umekuwa ukiiadhimisha tangu 2013 kwa ajili ya kutokomeza fistula ya uzazi, ugonjwa ambao baadhi ya vitabu vyetu huuita nasuri. Habari za madarasa, mabweni na vitanda atakusomea Mkuu wa Chuo. Sisi tumeomba nafasi hii tumkumbuke mama mmoja ambaye wengi wetu hapa hatukuwahi kumwona, lakini ndiye tunayemfuata kila tunapovaa sare.

Mama huyo ni marehemu Dkt. Catherine Hamlin. Alifariki Addis Ababa tarehe 18 Machi 2020, akiwa na umri wa miaka 96. Ndiyo wiki ile ile shule zetu zilipofungwa kwa sababu ya korona. Dunia nzima ilikuwa imeshikwa na hofu, na msiba wake huku kwetu ukapita kimya kimya. Tunaona ni deni.

Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1924. Yeye na mumewe, Dkt. Reginald Hamlin wa New Zealand, walifika Ethiopia mwaka 1959 kwa mkataba wa miaka mitatu. Kazi waliyoitiwa ilikuwa kuanzisha shule ya wakunga. Tunalitaja hili makusudi, kwa kuwa sifa zake nyingi ni za chumba cha upasuaji, na mtu anaweza kusahau kwamba kilichomvusha bahari ni ukunga. Walikuwa madaktari wazoefu wa uzazi, lakini fistula hawakuwa wameiona hata moja. Kwao ilikwisha zamani, tangu upasuaji wa kujifungua ulipokuwa jambo la kawaida. Basi wakaanza kujifunza upya, mbele ya wanawake waliokuwa wakifika kwa miguu kutoka vijiji vya mbali. Dkt. Reginald aliwaita mahujaji. Ile miaka mitatu ikawa 61.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuvumilie tueleze ugonjwa wenyewe, maana watu huuficha hata kwa maneno. Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga, kinakibana kibofu cha mkojo kwenye mfupa. Damu haipiti. Saa zinakwenda, kunakucha, kunakuchwa, na nyama iliyobanwa inakufa. Siku chache baada ya kujifungua nyama hiyo inadondoka na kuacha tundu. Hapo mkojo unaanza kuvuja usiku na mchana, na kwa wengine choo nacho. Mtoto mara nyingi huwa amezaliwa mfu. Kwa hiyo mama huyu anazika, halafu anaamka amelowa, na kabla arubaini haijafika majirani wameanza kusema amerogwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba kila mwaka wanawake kati ya 50,000 na 100,000 duniani hupatwa na hali hii.

Nasi tusidhani ni mambo ya milimani Ethiopia. Mombasa ni kisiwa. Mama akishikwa na uchungu usiku kule Mtongwe, akaandikiwa aje hospitali kuu ya Makadara, kati yake na chumba cha upasuaji kuna maji. Bodaboda inamfikisha Likoni, feri iko ng'ambo, na mtoto hajui kungoja feri. Kwa mwenzake wa Kinango au Ganze hakuna maji, kuna barabara ya vumbi, na kuna mzee wa boma ambaye lazima kwanza atoe ruhusa. Fistula inaanzia hapo, katika kungoja.

Mimi ninayesoma risala hii nina jambo la kukiri mbele yenu, na wenzangu wameniruhusu. Nilipopelekwa wodini mara ya kwanza, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa mama wa makamo aliyelazwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Kitanda hicho alikiomba mwenyewe ili upepo upite, asiwakere wenzake. Nilipofunua shuka harufu ikanipanda, nikageuza uso. Haikuzidi nusu dakika. Nilipomrudia alikuwa amekwisha kujifunika mpaka kidevuni, akaniambia, "Niwie radhi, mwanangu." Alikuwa ameishi na hali ile miaka tisa, na ndiye aliyeniomba msamaha mimi. Chini yake alikuwa ametandika vipande vya leso kuukuu, vimekunjwa vinne vinne, vimefuliwa mpaka jina la leso limefutika. Nilizikodolea macho zile herufi mbili tatu zilizobaki, nisijue pa kutazama.

Mwalimu wangu aliyaona yote. Hakunigombeza. Jioni alinipa kurasa chache za habari za Dkt. Hamlin, akaniambia nizisome kabla sijarudi wodini asubuhi. Humo ndimo nilimokuta habari ya gauni.

Hospitali ya fistula ambayo Dkt. Hamlin na mumewe waliifungua Addis Ababa mwaka 1974 ilitibu bure, na mama aliyepona alipofika siku ya kurudi kwao alipewa gauni jipya na nauli ya basi. Ni mambo mawili madogo sana. Lakini fikirieni mtu aliyekuja kwa miguu kwa kuwa abiria wenzake walimteremsha njiani. Sasa anapanda basi, analipa kama wengine, anakaa kiti anachokitaka, na nguo aliyovaa haijawahi kulowa. Daktari anaweza kuziba tundu kwa sindano na nyuzi, na pale hospitalini wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 walizibwa wakapona. Gauni lilitoka kwa mtu aliyekwisha kuwaza mama huyu atakavyoingia kijijini, nani atamwona kwanza, na atamwonaje. Kwetu sisi, huruma yake ilikaa katika kuwaza kwa namna hiyo. Aliishi humo humo ndani ya uwanja wa hospitali, katika nyumba ya udongo, na wagonjwa walimwita Emaye, yaani mama kwa Kiamhari. Mumewe alifariki mwaka 1993 yeye akabaki, akiendelea na upasuaji hata alipopita miaka 80.

Tena hakuwa na choyo ya elimu. Mamitu Gashe aliletwa kwao mwaka 1962, msichana wa kijijini asiyejua kusoma, ameumia vibaya katika uzazi. Alipopata nafuu alianza kutandika vitanda, kisha akawa anashika vifaa, kisha mikono yake ikaongozwa juu ya mgonjwa. Mwanamke huyo akawa mpasuaji wa fistula anayefundisha madaktari waliokuja na shahada zao kutoka nchi nyingi. Mwaka 1989 alitunukiwa medali ya dhahabu na chuo cha wapasuaji cha Uingereza pamoja na hao waliomtibu. Kuna masista hapa mbele ambao walianza kama wasaidizi wa wodi, wakapanda ngazi moja baada ya nyingine. Tunajua habari hii imewagusa.

Lakini alitibu wanawake kwa maelfu, hesabu ya hospitali zake ikapita 60,000, na bado walizidi kuja. Ndipo akairudia kazi iliyomleta. Mwaka 2007, akiwa na miaka 83, alifungua chuo cha wakunga. Wasichana wanachukuliwa kutoka vijijini, wanasoma miaka minne, kisha wanarudi kuhudumu sehemu walikotoka, kwa watu wanaozungumza nao lugha moja. Mkunga wa namna hii akijaza patografu, ile chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu, na kuona mstari unakwenda upande, anajua ni saa ya kuita gari, wala hangoji mtu ampe ruhusa.

Hapo ndipo penye ombi letu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ukituuliza sisi tuliopo hapa makwetu ni wapi, wengi tutakujibu Kisauni, Changamwe, Likoni, Mtwapa. Waliotoka ndani kabisa, Kinango, Ganze, Tana Delta, wanahesabika, na mwaka haupiti bila mmoja wao kukatiza masomo kwa karo. Tunakuomba ulichukue hili, ulifikishe kwa wenye mafungu ya basari katika kaunti zetu za Pwani: kila wadi ya mbali isomeshe angalau msichana mmoja ukunga, na ajira imngoje kwao. Pia upande wa Likoni tunaomba gari la wagonjwa ambalo ndani yake kuna mkunga, pamoja na dereva. Mama anayengoja feri akiwa na mkunga pembeni ana mtu wa kumwekea mpira wa mkojo, wa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na wa kupiga simu Makadara wajiandae.

La mwisho halihitaji bajeti ya serikali. Tangu mwaka jana kila mwanafunzi hapa anatoa kidogo kidogo kila mwezi, wengine wakikatiza nauli ya matatu na kuja chuoni kwa miguu. Tumenunua leso. Ziko pale mezani, doti kwa doti, tumeziosha mara moja ili zilainike, na kila doti imefungwa pamoja na bahasha ya nauli. Ni za akina mama wanaongoja kuruhusiwa baada ya kutibiwa fistula. Majina ya leso tuliyachagua wenyewe dukani Biashara Street, na tulibishana sana. Hatukutaka hata moja yenye kijembe au masikitiko.

Mama yule wa kitanda cha dirishani alifanyiwa upasuaji akapona. Alitoka wodini kabla hatujaanza mchango huu, amevaa leso ile ile aliyokuja nayo. Doti ya kwanza, yenye pindo jekundu, ni yake, na mwalimu wetu anajua pa kumpata.

Tunakuomba, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usimame uzipokee kwa niaba yao, kisha umkabidhi Sista wa wodi ambaye ameketi kulia kwako.

Ahsante sana.

Ni sisi, wanafunzi wa ukunga, Mombasa.