Tuanze na majirani wa ziwa

Mhariri,

Hapa Kisumu hatukosi mtu mwenye nia njema anayetaka kuunganisha shule zetu na shule za Marekani au Ulaya kupitia intaneti. Siipingi nia hiyo, nami nimeshiriki. Ila naona tunaanzia mbali mno, tukiwaruka majirani zetu wa Ziwa Victoria, Uganda na Tanzania.

Januari moja niliketi na klabu ya mazingira mbele ya kompyuta moja kuzungumza na darasa la jimbo la New York. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri, kwao saa moja asubuhi, wengine wangali wanapiga miayo. Stima ilipotea mara mbili. Wenzetu waliuliza kama tunakutana na simba njiani. Wetu, nikisema kweli, walikuwa wameandika kwenye karatasi maombi ya mpira na viatu. Sikuwagombeza, nani amewafundisha vingine? Lakini niliona aibu, maana huo haukuwa mradi tena. Ulikuwa mhisani na mwombaji wakitazamana kwenye skrini.

Mtandao wa iEARN, mmojawapo wa mitandao mikongwe ya kazi hii, ulianza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za Moscow na za jimbo la New York, wakati Marekani na Muungano wa Kisovieti wangali hawaaminiani. Wale hawakuwa tajiri na maskini. Walikuwa mahasimu, na kila upande ulikuwa na la kumwambia mwenzake.

Sisi tuna Migingo. Kisiwa hiki cha mwamba ziwani, kidogo kuliko viwanja vingi vya shule, kimetugombanisha na Uganda kwa miaka, na wavuvi wetu hurudi na visa vya kukamatwa na kunyang'anywa nyavu. Ni mtoto gani wa Kisumu amewahi kumuuliza mtoto wa Jinja wao huambiwa nini kuhusu kisiwa hicho?

Kuna mengi mengine ya kuulizana. Samaki tunayemwita omena, Mwanza ni dagaa, Uganda ni mukene. Gugu maji linaloziba ghuba yetu wao pia wanalijua. Mwaka 2020 ziwa lilipofura, maji yaliingia nyumba za Dunga, hapa Kisumu, na pwani za Uganda na Tanzania nazo zikafurika. Na maji hayo yana mlango mmoja tu wa kutokea: Mto Nile, pale Jinja, penye mabwawa ya umeme. Mwanafunzi wa Dunga anayetaka kuelewa kwa nini ziwa lilimfuata hadi jikoni ana sababu ya kweli ya kumwandikia mwenzake wa Jinja, na hahitaji kumwomba viatu.

Saa zetu ni moja, nchi zote tatu. Kwa upande wa Mwanza lugha si tatizo, labda kwa watoto wetu, ambao Kiswahili chao kitasahihishwa bila huruma. Uganda iliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, kwa hiyo wanahitaji wa kuzungumza naye.

Vikwazo vipo. Tanzania ina mihula miwili na sisi mitatu, hivyo likizo hazilingani. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, na bando mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwalimu. Ndiyo maana sipendekezi video. Ujumbe wa sauti na picha kwa WhatsApp ya mwalimu, mara moja kwa wiki, unatosha. Maafisa wa elimu wa kaunti za ziwani wangesaidia zaidi kwa kulipia bando hilo kuliko kwa kuja kukata utepe.

Klabu yetu imeanza na mvua. Kipimo ni chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, iliyokatwa shingo, na rula. Tunaandika milimita kila siku saa tatu asubuhi. Mwalimu wa Mwanza au Jinja anayesoma barua hii akate chupa yake, nasi tutampelekea vipimo vyetu tangu siku ya kwanza ya muhula.

Mwalimu wa Jiografia,
Kisumu