Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Meseji za Mahudhurio kwa Wazazi wa Lamu

Ndugu wanachama, wazazi na walimu, assalaam alaykum.

Hesabu za chama atawasomea mweka hazina, na habari za ukarabati zimo katika kumbukumbu za kamati. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: kutumia akili mnemba kuandika meseji kwa wazazi ambao watoto wao wanakosa shule.

Bahari ikitulia msimu wa kaskazi, wavulana hufuata baba zao kuvua. Maulidi yakiwadia, mji hujaa wageni na baadhi ya madawati hubaki matupu. Wasichana nao huzuiwa nyumbani kulea wadogo zao. Ni siku moja leo, mbili wiki ijayo, na mzazi hajumlishi. Si sisi peke yetu. Utafiti wa Todd Rogers na Avi Feller, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu familia zaidi ya 28,000 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Wazazi walidhani watoto wao wamekosa siku chache kuliko ilivyokuwa. Walipotumiwa barua zenye jumla halisi, idadi ya watoto waliokosa shule mara kwa mara ilipungua kwa asilimia 10 au zaidi. Zilikuwa barua za posta tu. Kilichosaidia ni mzazi kuijua hesabu.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana wasaa wa kuandikia kila nyumba. Akiipa programu ya akili mnemba jumla ya siku alizokosa mtoto, hupata rasimu ya meseji papo hapo, fupi ya kusomeka kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Kwa bibi asiyejua kusoma, mwalimu hupiga simu akazungumza naye mwenyewe.

Lakini rasimu hiyo haifai kutumwa ilivyo. Programu hizi hujifunza kutokana na maandishi, na maandishi ya lahaja zetu za Kiamu na Kibajuni ni haba, basi lugha yake huwa kavu. Baya zaidi, hujaza isichoambiwa. Tuliona rasimu iliyompa mzazi pole kwa ugonjwa wa mwanawe, hali mtoto alikuwa ameenda dago, kambi ya wavuvi, na ami yake. Nyingine ilianza na vitisho vya sheria. Ni kweli Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule, na ina adhabu. Hata hivyo, naamini kabisa kwamba mzazi anayetishwa kwa meseji hatakuja kuzungumza nasi. Atajificha, na mtoto atazidi kupotea.

Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia habari za mtoto, na inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kamati ikakubaliana hivi: jina la mtoto, maradhi yake na mambo ya nyumbani kwao hayaingizwi kwenye programu. Mwalimu wa darasa, anayeijua nyumba ile, husoma rasimu, huirekebisha, kisha hutia jina la mtoto yeye mwenyewe.

Kila meseji humalizika kwa swali: kuna shida gani tusaidiane? Kwangu mimi, majibu ya swali hili ndiyo faida kubwa ya mwaka mzima. Mama mmoja alisema nauli ya mashua imemshinda. Mwingine alieleza, kwa haya nyingi, kwamba binti yake hana sodo. Rejista haikuwa imetuambia hayo. Majibu kama hayo tumekataa kabisa yajibiwe na programu. Mwalimu au mjumbe wa kamati ndiye anayempigia mzazi.

Naomba mkutano huu upitishe mambo mawili. La kwanza, fomu ya idhini kwa Kiswahili chepesi, itolewe Januari watoto wanaposajiliwa, na mzazi atakayekataa asiulizwe sababu. La pili, fungu la salio la simu kwa walimu wa darasa. Mwaka huu wamelipa mifukoni mwao, na mzazi aliyejitoa kueleza shida yake hapaswi kungoja mpaka mwalimu apate mshahara.