Kwa wahudumu wa afya ya jamii: mama anayekataa chanjo

Wanangu,

Nawaandikia juu ya yule mama anayekataa chanjo ya surua na rubela, ya miezi 9 au ile ya miezi 18. Mnampelekea hoja juu ya hoja, naye anazidi kuwa mgumu. Msidhani ni ujinga.

Mwaka 1946 Fritz Heider, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna, alieleza jambo linalowahusu. Kichwani mwa mtu mna pembetatu: yeye, mtu mwingine, na jambo linalozungumzwa. Kila upande ni chanya au hasi. Zidisheni alama zote tatu. Jibu likiwa chanya, mtu katulia; likiwa hasi, hana raha mpaka upande mmoja ugeuke.

Haya, hesabuni. Mama hawapendi nyinyi: hasi. Chanjo haitaki: hasi. Nyinyi mnaitetea: chanya. Hasi mara hasi mara chanya ni chanya. Mama huyo katulia kabisa! Hana sababu ya kubadilika, na kila mnapopaza sauti mnamthibitishia kuwa yuko sawa. Hapo ndipo mnapochoka bure. Anzeni na upande wa mama na nyinyi. Ziara ya kwanza iwe ya salamu na kumjulia hali mtoto, sindano isitajwe. Akishawapenda, ndipo mvutano unapozaliwa moyoni mwake.

Lakini mvutano una milango minne. Ataikubali chanjo, au atawachukia, au atajiambia, "Hawa wametumwa tu, wenyewe hawaiamini", au atawagawa nusu kwa nusu: kwa lishe anawasikiliza, kwa sindano hapana. Mlango wa tatu ndio rahisi kuufunga: aliye na mtoto kati yenu aende na kadi ya kliniki ya mwanawe, aifungue, mama aone tarehe za chanjo.

Kosa linaloniuma zaidi ni kumsema mama mkwe, yaani bibi yake mtoto. Mama anampenda bibi, bibi haitaki chanjo, na wote wawili wametulia. Mkimshambulia bibi, utakatika upande usio na mizizi, nao ni wenu. Nendeni kwa bibi mwenyewe, mapema, kwa heshima zake zote, mkamsikilize anachoogopa: homa ya baada ya sindano, au mtoto wa jirani aliyelia usiku kucha. Mjibuni hilo hilo. Hata akiishia kusema "fanyeni mnavyoona", upande wake umelegea. Mpeni mama siku mbili tatu, kisha rudini na tarehe ya kliniki.