Mwanangu, Msinisubirishe

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Tiketi umeshakata, Muscat unakwenda, sina la kupinga. Ila habari za yule mzee wa barabara ya pili umezisikia: kalazwa mochwari siku nne akisubiriwa mwanawe, ndege ikakwama, mwisho kazikwa na mtoto hajafika. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo unacheka. Yakinifika, msinisubirishe. Nikifa alfajiri, adhuhuri niwe nimeshaswaliwa. Nikifa usiku, asubuhi nizikwe. Wewe utaniswalia huko huko uliko. Sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, tunaruhusiwa kumswalia asiyekuwapo.

Saa ya kwanza ndiyo inayoharibika kwa vilio. Macho yafumbwe, taya lifungwe kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu mpaka utosini, viungo vinyooshwe vikiwa bado laini. Zikipita saa mbili tatu mwili huanza kukakamaa, na mdomo uliokaza wazi haufungiki tena ila kwa nguvu. Meno yangu ya bandia yatolewe mapema.

Kuosha wewe unajua, na mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, nakusifu kwa hilo. Lakini mdogo wako Hamisi hujamfundisha na unaondoka. Usije ukamtumia video. Mwoneshe kwa vitendo: kitanda kiiname kidogo upande wa miguu, maji yasirudi kichwani, nguo isiondoke kitovuni mpaka magotini, mwoshaji avae kitambaa mkononi. Tumbo likandwe taratibu mwanzoni. Wengi hapa huona haya, wakaliruka, kisha uchafu unatoka sanda imeshafungwa na kazi inaanza upya. Maiti atawadhishwe, aoshwe kichwa, ubavu wa kulia, ndipo wa kushoto. Maji ya kwanza yawe na majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ya mwisho karafuu maiti, yaani kafuri, kidogo tu. Mara 3, kama hajatakata, 5 au 7.

Sanda yangu ni vipande vitatu, imo kwenye sanduku la mama yako. Kila kipande kimepita urefu wangu kwa shubiri na zaidi kichwani na miguuni ili kifungike, na vifundo vifunguliwe kaburini. Kibla chetu hapa Tanga ni kaskazini, kwa hiyo mwanandani, lile shimo la ubavuni mwa kaburi anamolazwa maiti, uchimbwe ukuta wa kaskazini, nilazwe ubavu wa kulia, kichwa mashariki. Vijana wa siku hizi huuliza wakiwa wameshaingia shimoni.

Hapo narudia: hakuna hata moja linalokuhitaji wewe uwepo. Msinisubirishe. Kifo cha ajali, au chenye shaka, ni kingine: polisi kwanza, hapo nitasubiri.

Kinachokuhitaji ni karatasi. Watu humaliza hitma, kila mtu akashika njia yake, na cheti hakuna. Kifo cha hospitali, fomu ya taarifa hutoka hapo hapo. Cha nyumbani, aendewe mtendaji wa mtaa au kijiji. Kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30, na jina lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Hati ya nyumba imeandikwa Abdalla, kitambulisho Abdallah. Nilikuwa niishughulikie tangu tulipoezeka, mambo yakawa mengi. Twende tukale kiapo kwa wakili kabla hujaondoka.

Kisha ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe na kutiwa sahihi, upelekwe Mahakama ya Mwanzo ya hapa ninapoishi. Msimamizi wa mirathi awe dada yako Zuhura. Ami yako atanuna, na anune. Daftari hajawahi kushika. Msimamizi si mwenye mali. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe arudishe mahakamani fomu namba 5 ya mali na madeni, na namba 6 ya hesabu. Pesa zilizo kwenye simu yangu asizitoe mtu kwa kuwa anaijua namba ya siri, nawe usimtume Hamisi. Hutolewa gharama za mazishi, yakaja madeni, ukaja wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Mama yako ana thumni yake, sehemu moja ya nane, na eda yake ya miezi 4 na siku 10 ataikalia humu humu. Asitokee wa kumwambia nyumba inauzwa. Deni la mabati halijesha. Mwenye duka analo kwenye kitabu chake, mimi sikuliandika.

Na likikufika wewe huko, nasema uzikwe huko. Kumrudisha maiti kwa ndege ni kutiwa dawa, ubalozi, vibali, na siku zinakwenda. Mama yako hataki hata kulisikia, kwa hiyo mwambie mwenyewe unavyotaka, tena mbele yangu.

Nakala mbili za pasipoti mwachie Zuhura. Tangi limeanza kuvuja tena. Fundi anataka kubadilisha bomba lote, nimemwambia abadilishe koki tu. Ukipita sokoni leta koki ya shaba, za plastiki hazidumu.

Baba yako