Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya maji Zanzibar: Chokaa inaweza kutusaidia, ila si kwa kila kisima

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, mkaazi wa Makunduchi, na ninakuandikia kuhusu maji magumu ya upande wetu wa mawe.

Kwetu kipimo cha maji ni mbaazi. Zikilowekwa usiku kucha na kupikwa kwa maji ya kisima, huchelewa kulainika na kumaliza kuni, ilhali zilizopikwa kwa maji ya mvua huiva mapema. Juzi nilikwangua birika langu kwa kisu, likatoka gamba jeupe vipande vipande kama maganda ya yai. Gamba hilo ni mwamba huu huu tunaoukalia: maji ya mvua hubeba kabonidayoksaidi ya udongoni, huyeyusha jiwe la matumbawe na kuchukua kalsiamu yake, kisha yakichemshwa jiwe hurudi. Simtishi mtu, kwani Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Tatizo letu ni kuni, sabuni isiyotoa povu na mabomba yanayoziba.

Dawa yake, Mheshimiwa, ni kongwe. Mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa kemia wa Aberdeen huko Uskoti, alipata hataza ya kulainisha maji kwa chokaa iliyozimwa. Mtu atashangaa chokaa kutolewa kwa chokaa, lakini ndivyo ilivyo: chokaa inayotiwa huigeuza kalsiamu iliyoyeyuka kuwa unga usioyeyuka, nao hutuama chini pamoja na ile iliyotiwa. Kwa hesabu ya darasani, kupunguza miligramu 200 za ugumu wa muda, yaani ule unaoondoka kwa kuchemsha, katika kila lita kunahitaji takriban gramu 150 za chokaa safi kwa lita 1,000, na huacha kiasi cha gramu 400 za masimbi makavu. Kijiji kinachotumia lita 100,000 kwa siku kitazalisha kilo 40 kila siku, na ni lazima ijulikane mapema zitatupwa wapi, maana zikirudishwa kwenye mapango yetu tutakuwa tumejichafulia chanzo wenyewe. Chokaa ya tanuri zetu, tunayopakia kuta, isitumike bila kupimwa. Vilevile maji hutoka yakiwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 10 au zaidi, hivyo hayana budi kurekebishwa kwa kabonidayoksaidi kabla ya kutiwa klorini, ambayo hupoteza nguvu katika maji ya namna hiyo.

Ugumu wa kudumu, usioondoka kwa kuchemsha, huhitaji magadi soda pia, na gharama hupanda.

Nina hofu na mitambo midogo ya majumbani inayotumia chumvi, ambayo hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu. Kuondoa miligramu 200 za ugumu kwa njia hiyo huongeza takriban miligramu 92 za sodiamu katika kila lita, jambo lisilomfaa mwenye presha aliyekwisha kuambiwa na daktari apunguze chumvi, na maji ya kuioshea mitambo hiyo huishia ardhini, juu ya kisima kile kile.

Hata hivyo, chokaa haiondoi chumvi ya bahari. Kisima cha pwani kilichovutwa kupita kiasi hadi bahari ikaingia hakitaponywa na tanki la chokaa. Kitahitaji kupumzishwa, au kuletewa maji kutoka kwingine. Ndiyo maana ninaomba kila kisima cha upande wa mawe, Unguja na Pemba, kipimwe ugumu wa muda, ugumu wa kudumu na kloridi, ambayo ndiyo alama ya chumvi ya bahari, kiangazi na baada ya masika, kabla ya zabuni yoyote kutangazwa, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya sheha tukayasome.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Makunduchi